Nani anajua "Francqui" iko wapi? (Uzi wa baraje ya Mwadingusha)

MjukuuWaPanda (mwenye uzi)

Jambo wakubwa na wadogo. Juzi tulikuwa Likasi, kwetu Katanga, kusini mwa Kongo, komine ya Panda, tunapanga vitu vya marehemu babu. Chini kabisa ya sanduku tukakuta picha moja. Wanaume sita wamesimama mbele ya matiyo, yaani mabomba makubwa, ya chuma yanayoteremka mlimani, tiyo moja linaweza kummeza mtu mzima amesimama. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa wino: "Francqui 1949". Basi, hakuna neno lingine.

Kwetu tumekua tukiambiwa babu alijenga baraje, bwawa la umeme. Umeme ukikatika shangazi alikuwa akisema, "Baba yetu aliwajengea, wao wanashindwa hata kuwasha." Sasa nimetafuta Francqui kwenye ramani ya Haut-Katanga, haipo. Mjomba anasema ni Mwadingusha. Jirani anasema ni Nzilo, kule Kolwezi. Mwingine kaniambia ni Ubelgiji, eti babu alipelekwa huko na kampuni. Babu yangu hakuvuka hata mpaka wa Kasumbalesa.

Nauliza mawili: Francqui ni wapi, na hiyo baraje ilikuwa ya kazi gani? Maana mimi niko Lubumbashi, komine ya Katuba, umeme ninaouona ni wa saa nane za usiku, na kinachopika kwangu ni makala, makaa ya mti.

Kamalondo_Fasta

Francqui ni Ilebo, kaka. Zamani iliitwa Port-Francqui, pale reli ya kutoka kwetu inapoishia na mizigo inaingia kwenye boti kuelekea Kinshasa. Babu yako alikuwa mtu wa reli. Kesi imefungwa, leteni Simba baridi.

MjukuuWaPanda

Ilebo kuna mlima wa kuteremsha matiyo?

Kamalondo_Fasta

Hapo umenikamata.

Papa_Turubini

Watoto, mjomba yuko sawa. Nimefanya kazi ya umeme mpaka pansheni, na picha hiyo naijua hata kabla sijaiona. "Centrale Francqui" ndilo jina la kwanza la kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kama kilometa 70 kutoka Likasi. Kilianza kazi 1930. Chini yake, kwenye mto huohuo, kuna Koni. Hiyo ilikuja 1950 na iliitwa Bia. Si bia ya Fasta, ni jina la mtu.

Mkisema baraje, watu wengi wanafikiri ule ukuta ndio unaotengeneza umeme. Ukuta hautengenezi kitu. Kazi ya ukuta wa Mwadingusha ni kuuzuia Lufira usipite njia yake ya zamani. Mto ulikuwa unafika pale juu na kujitupa kwenye maporomoko. Watu wa Sogefor, kampuni ya umeme ya Union Minière, wale wakoloni wenye migodi ya shaba, wakaona kwamba maji yanaruka zaidi ya mita 100 bure; afadhali yateremke ndani ya chuma. Wakauziba mto juu ya maporomoko, wakayageuza maji pembeni, yakaingia kwenye matiyo hayo mnayoyaona pichani, na kule chini yakakuta turubini. Mwishowe zilikuwa sita. Yakimaliza kuzizungusha yanarudishwa mtoni, yanashuka hadi Koni na kupigishwa kazi mara ya pili. Sisi tulikuwa tukisema Koni anakula mabaki ya kaka yake. Mwadingusha akifunga, Koni analala njaa.

Maporomoko yenyewe? Kiangazi unaweza kwenda pale ukakuta mwamba mtupu na maji membamba kama ya bomba la jirani. Mgeni anauliza, "Chutes ziko wapi?" Unamwonyesha tiyo: ziko humo ndani.

MjukuuWaPanda

Asante sana Papa. Kwa hiyo babu alikuwa kweli kwenye baraje. Shangazi atafurahi. Lakini huyo Francqui ni nani? Injinia?

Mwalimu_Kikula

Niruhusuni, hapa pananihusu, mimi ni mwalimu wa historia.

Chukueni majina manne ya zamani ya vituo vya umeme vya Katanga: Francqui (Mwadingusha), Bia (Koni), Delcommune (Nzilo), Le Marinel (Nseke). Ongezeni la tano, maporomoko ya Mwadingusha, ambayo Wazungu waliyaita Chutes Cornet. Hata mmoja hakuwa mjenzi wa baraje. Wote watano walipita nchi hii kwa miguu kati ya 1890 na 1893, wakati Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, alipokuwa akishindana na Waingereza nani atamnyang'anya Msiri, mfalme wa Bunkeya, nchi yake. Paul Le Marinel alifika Bunkeya 1891, Alexandre Delcommune akamfuata mwaka uleule. Msiri akapigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, na watu wa msafara mwingine, ule wa Stairs. Kisha wakaja Kapteni Bia, Luteni Francqui na mjiolojia Jules Cornet. Cornet ndiye aliyekuwa akigonga mawe na kuandika shaba iko wapi. Bia alifia hapahapa Katanga 1892.

Na Francqui? Alirudi Ubelgiji, baadaye akawa mkubwa wa Société Générale, kampuni iliyokuwa imeishika Union Minière mkononi. Luteni aliyepita akitokwa jasho porini, karibu miaka 40 baadaye jina lake limebandikwa kwenye kituo kinacholisha viwanda vya shaba ileile. Na Bunkeya iko bonde hilohilo la Lufira. Kila nikifundisha somo hili kuna mwanafunzi anayenyoosha mkono kuuliza kama kuna turubini inayoitwa Msiri. Hakuna.

Majina Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke yalishika nafasi wakati wa Mobutu, kama Likasi nayo ilivyoacha kuitwa Jadotville. Majina yenyewe ni ya mahali, wenyeji hawakuwahi kuyaacha.

Kamalondo_Fasta

Sawa Mwalimu, lakini angalau walituletea mwanga. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilihitaji taa.

DjoRuashi

Fasta, taa zilikuwa makombo ya meza. Mimi niko upande wa madini, acha nikueleze.

Ile cheminée, bomba refu la moshi, tunayopiga nayo picha pale Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, Lubumbashi, chini yake walianza kuyeyusha shaba 1911. Waliyeyusha kwa makaa ya mawe, na mengi yalitoka Wankie, Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kwa treni. Njia hiyo inafaa kama mawe yako yana shaba nyingi. Ukishafika kwenye mawe yenye shaba kidogo, tanuru linakula makaa kuliko faida. Hayo inabidi uyasage, uyaloweke kwenye asidi mpaka shaba iyeyuke, kisha upitishe umeme kwenye ule mchuzi, shaba ijishike kwenye bamba. Ndiyo elektrolizi. Na elektrolizi haijui usiku wala Jumapili, inataka umeme saa zote.

Kiwanda cha elektrolizi cha Shituru, Likasi: 1929. Mwadingusha: 1930. Zisome hizo tarehe pamoja. Mto uligeuzwa kwa sababu ya mchuzi wa Shituru. Cité, mitaa yetu wenyeji, ilipata kilichobaki, na si cité zote.

Papa_Turubini

Sahihi kabisa. Na uone jinsi kiu ilivyoongezeka. 1930 Mwadingusha, 1950 Koni, kisha miaka hiyohiyo ya 1950 Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Nseke peke yake ni megawati 248, Mwadingusha ilikuwa 71. Watoto wa leo hawaamini nikiwaambia, lakini kabla baraje ya Kariba haijaanza, Katanga ndiyo iliyokuwa ikiuza umeme kwa migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Siku hizi sisi ndio tunanunua kutoka Zambia. Waya ni uleule upande wa Karavia, umeme tu umegeuza uso.

BintiKapolowe

Jambo banduku. Minasoma huu uzi tangu asubuhi. Munasema matiyo, munasema shaba, munasema Francqui, hakuna hata mumoja amesema ziwa. Ule ukuta ulifungaka mto, si ndiyo? Maji ilienda wapi sasa?

Ilikuya kwetu.

Miye niko mutoto wa Kapolowe Mission. Ziwa Tshangalele yote iko nyuma ya ule ukuta. Nkambo yangu alikuwaka ananiambia, mbele ya ziwa kulikuwa mashamba na pori ya kuwinda. Maji haikukuya na fujo. Ilipanda polepole, leo iko hapa, kesho kutwa iko pale, mpaka siku moja bakaenda shambani bakakuta njia iko mu maji. Batu ya jembe na mishale bakajifunza nyavu. Hakuna mutu aliwafundisha. Ba kwanza balikuwa banaogopa maji, banasema ile ziwa haina mwenyewe, haina mizimu ya kuomba, iko ya kampuni.

Leo ukipita Kapolowe Gare, bale bamama banakukimbilia na samaki kwa dirisha ya gari, ile samaki inatoka wapi? Inatoka mu baraje yenu. Miye nimesoma mpaka diplome kwa samaki. Umeme ya Mwadingusha sikuisomea hata siku moja, nilisomea taa ya petroli, na ile waya kubwa inapita juu ya nyumba inalia zzzz usiku mzima.

Mwalimu_Kikula

Dada, hapo umetufunga midomo.

Papa_Turubini

Mama, umesema kweli, na naona haya kidogo, maana sisi tuliokuwa kituoni tuliliita "retenue" tu. Kwetu lilikuwa akiba, kama tangi. Tulikuwa tunasoma kipimo: liko juu, liko chini. Hatukuwa tunauliza nani amelala kando yake.

Kwa wasiolijua: Mwadingusha si baraje ya korongo refu lenye maji ya kina. Ukuta wake umefunga bonde pana na tambarare, kwa hiyo maji yalitawanyika. Mvua ikikamilika ziwa linapita kilometa za mraba 300, lakini kina chake kwa wastani hakifiki mita 4. Sinia, si ndoo. Ukiteremsha maji kidogo tu kwa ajili ya turubini, ukingo unarudi nyuma mbali sana.

BintiKapolowe

Njo ile Papa! Kiangazi maji inarudi nyuma, inaacha udongo mweusi. Siye tunaingia mbio, tunapanda lengalenga, tomati, mahindi ya kuchoma. Hauhitaji mbolea. Lakini haujue siku maji itarudi. Mwaka moja mama yangu alibakisha siku tatu avune, asubuhi tukakuta mahindi imesimama mu maji mpaka shingo. Tulivuna na mutumbwi. Batu balicheka, miye vilevile nilicheka, nilikuwa mutoto. Mama hakucheka.

Na saa ya kufungua milango kule, siye tunajua mbele ya radio. Samaki inahama, nyavu inakuya tupu.

Kamalondo_Fasta

Kuvuna mahindi kwa mtumbwi, hii nitaisimulia mpaka nife.

Lakini dada samahani, kuna watu wanasema samaki wa Kapolowe wana sumu ya viwanda. Mimi nakula, sisemi sili. Nauliza tu.

DjoRuashi

Swali lako si la utani. Maji machafu ya viwanda vya Likasi, tangu enzi za Union Minière, yalikuwa yakiingia mto Panda, Panda unaingia Lufira, na Lufira ndio unaolisha ziwa. Sasa fikiria mto unaokimbia na tope lenye shaba, kobalti na kadiamu. Ukikimbia, tope linapelekwa mbali na kutawanyika. Ukiusimamisha ghafla kwenye sinia la Papa, tope linatua. Yaani baraje iliyojengwa kulisha Shituru ndiyo iliyokuja kuwa mahali uchafu wa Shituru unapopumzika. Hakuna aliyepanga hivyo. Ni maji tu kufuata tabia yake.

Na watafiti wamepima. Watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno kwenye mkojo. Samaki na mboga za bonde la Lufira pia wamepimwa, na madini yalikutwa ndani.

BintiKapolowe

Tunajua. Balikuya na bichupa, bakachukua mukojo, bakachukua samaki, bakachukua udongo, bakaenda. Nani alirudi kutuambia tuache kula nini na tukule nini? Mutu anasema samaki iko na sumu, hasemi nyama iko bei gani Likasi.

DjoRuashi

Una haki ya kukasirika. Kitu kimoja cha kufaa ninachoweza kusema: madini hujikusanya zaidi kwenye maini, figo na matumbo kuliko kwenye mnofu. Toeni matumbo yote, msiwape watoto vichwa na maini, na wale samaki wadogo wanaoliwa wazima msiwafanye chakula cha kila siku. Haiondoi tatizo. Inapunguza.

BintiKapolowe

Hii njo maneno ya kwanza mutu alitupatia bure. Aksanti kaka.

NdegeWaMuhulu

Nimechelewa, lakini mmemsahau mkazi mmoja. Mwaka 1960 mtaalamu mmoja, Jean-Claude Ruwet, alimpata kando ya ziwa hilo mnana wa manjano mwenye uso mweusi. Ndege mmoja. Alikaa kwenye mkusanyo mpaka 1982 ndipo wanasayansi wakasema huyu ni aina yake peke yake, wakamwita Ploceus ruweti. Kwa miaka mingi wakawa hawana mwingine ila yule mmoja aliyekaushwa. Halafu 2009 ikatangazwa kwamba yupo, anasuka viota kwenye matete ya Tshangalele kana kwamba hakuna aliyemtafuta.

Anajulikana bonde la Lufira tu. Nairobi hayuko, Kinshasa hayuko. Ukitaka kumwona inabidi uje kwetu, ukae kwenye mtumbwi, nyuma ya ukuta wa umeme. Korongo wenye taji nao wapo. Bonde la Lufira limeandikwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu tangu 2017, na kabla ya hapo, 1982, UNESCO ilishaiweka Lufira kwenye hifadhi zake za biosfia.

BintiKapolowe

Ule ndege ya manjano? Iko mingi! Watoto banaipiga na manati. Miye nilikuwa sijue iko na jina ya mutu.

NdegeWaMuhulu

Dada nimeanguka kwenye kiti. Waambie watoto wapunguze.

BintiKapolowe

Nitabaambia iko ya ONU.

Mwalimu_Kikula

Maadamu umeitaja ONU, Umoja wa Mataifa. Januari 1963, jeshi la ONU likitoka Elisabethville kwenda Jadotville, askari wa Tshombe, aliyeitenga Katanga na Kongo, walivunja madaraja ya Lufira ili kulizuia. Wahindi wakavuka hivyohivyo, tarehe 3 wakaingia mjini. Miezi 16 kabla, Septemba 1961, daraja hilohilo la Lufira ndilo lililoshinda msafara uliokwenda kuwaokoa Waayalandi, askari wa ONU waliozingirwa Jadotville. Na wakati ule wa mwisho Tshombe alitishia kulipua mabaraje ya upande wa Kolwezi. Hayakulipuliwa. Kila aliyeitaka Katanga aliitaka ikiwa na umeme wake.

MjukuuWaPanda

Nimesoma yote. Sasa turudi leo. Nasikia Mwadingusha imetengenezwa upya na watu wa mgodi. Basi umeme wake unaenda wapi? Maana Katuba haujafika, labda umepotea njia, umeingia komine ya Kenya.

Kamalondo_Fasta

Kenya pia giza. Usitusingizie.

DjoRuashi

Mwadingusha ilikuwa imechoka, matiyo na mashine za tangu ukoloni. Kamoa Copper, wale wa mgodi wa Kamoa-Kakula upande wa Kolwezi, wakaifufua pamoja na SNEL, shirika la umeme la taifa. Turubini zote sita zilikuwa zimerudi kazini Septemba 2021, megawati karibu 78. Mgodi ulitoa pesa kama mkopo, SNEL inalipa kwa kukatwa kwenye bili ya umeme ya mgodi. Mgodi wenyewe ulianza kutoa shaba Mei 2021. Baadaye wakaenda kutengeneza na turubini ya 5 ya Inga II, kule mto Kongo.

Kamalondo_Fasta

Kumbe! Kwa hiyo 1930 ilikuwa ya shaba, na 2021 ni ya shaba. Basi kilichobadilika ni nini?

Papa_Turubini

Fasta, utani wako una meno. Lakini tuwe wakweli. Umeme hauna kitambulisho. Mwadingusha inamwaga kwenye gridi, Nseke inamwaga, Nzilo inamwaga, Inga inamwaga kwa ule waya wa kilometa 1,700 unaofika Kolwezi tangu 1982. Ukichota kikombe huwezi kusema hiki ni cha Lufira. Mgodi ulilipa, mgodi ukapewa haki ya kiasi chake. Kama wasingelipa, leo tungekuwa tunazungumzia mashine zilizokufa. Mimi nilizisikia zikikohoa, najua.

Kamalondo_Fasta

Papa kwa heshima yote, kikombe changu mimi hakijachota cha mto wowote tangu Jumanne. Transfoma ya mtaa wetu imeungua, tumeambiwa tuchange.

Msimamizi

Mambo ya transfoma yana uzi wake, kule juu, kurasa 41. Hapa tubaki Mwadingusha. Na mwenye uzi aweke basi hiyo picha, tumengoja siku mbili.

MjukuuWaPanda

Samahani, mtandao. Hii hapa.

[picha]

Babu ni yule wa kushoto kabisa. Mama amethibitisha.

Papa_Turubini

Asante mwanangu. Naam, ni Mwadingusha, hakuna shaka. Walioko katikati naona ni watu wa matengenezo: wana funguo mikononi, yule mrefu ana kofia ya ngozi.

Lakini nikuulize, usikasirike. Watano wana buti. Babu yako amevaa ndara. Na anachoshika si chombo cha kazi. Kuza picha. Mimi naona kama kapu.

Kamalondo_Fasta

Ni kapu. Na kuna mkia unatoka.

BintiKapolowe

Ile si kapu ya soko, ni kapu ya kwetu! Angalia mushipi yake, inapita mbele ya kifua. Bavuvi ba Kapolowe balikuwa banabebaka vile. Nkambo yangu alikuwa na moja. Mjukuu, uliza mama yako baba yake alitokaka wapi mbele ya Panda.

MjukuuWaPanda

Nimempigia mama sasa hivi. Alinyamaza kidogo, halafu akacheka mpaka simu ikakatika. Nikarudia.

Babu hakujenga kitu. Ukuta ulikuwa umeshasimama yeye akiwa mtoto. Kwao kulikuwa upande wa Kapolowe, na shamba la baba yake liliingia majini. Akawa mvuvi. Kila wiki alikuwa akivuka ziwa kwa mtumbwi kuwapelekea samaki watu wa kambi ya Mwadingusha, kwa sababu walikuwa wanalipwa mshahara na hawakuwa na muda wa kuvua. Siku hiyo mpiga picha alikuja, wakamwita asimame nao. Kwa pesa ya samaki akanunua nyumba ya Panda. Shangazi yangu anajua vizuri sana, mama anasema. Ile ya "alijenga baraje" ilianza kwenye harusi ya shangazi, mbele ya wakwe.

Kapu lilikuwepo mpaka sisi tunakua. Nalikumbuka kabisa, lilikaa nyuma ya mlango wa jikoni, limejaa makala.